Nimechora joka langu, kila anayeliona anasema ni Toothless. Nibadilishe nini?

BintiSahare (Tanga)

Wakuu, habarini za jioni. Shikamoo kwa wakubwa, na wa rika langu mambo vipi.

Nina mhusika wangu anaitwa Vumba. Ni joka jike, jeusi, nimempa makazi kwenye pango la chini ya maji karibu na Kisiwa cha Toten. Mchana analala, usiku anapanda kuiba samaki kwenye ngalawa. Si mwovu. Ana njaa tu, na anachagua: dagaa hataki, anataka nguru na kolekole. Namchora kwa simu, programu ni ibisPaint, kwa kidole, maana kalamu yangu ya simu ncha imekwisha na mpya sijanunua.

Zamani nikimtupia kwenye kundi letu la wachoraji watu walikuwa wanasema "umetisha dada", basi. Tangu itoke ile filamu ya 2025, How to Train Your Dragon ya waigizaji watu, komenti ni moja tu: "Toothless huyo," yaani lile joka jeusi la mle. Mdogo wangu wa darasa la sita kaweka picha ya Vumba na ya Toothless ubavu kwa ubavu, kaisambaza kwa binamu zetu wote hadi Muheza, chini kaandika "tafuta tofauti tano". Binamu mmoja kajibu amepata mbili.

Vumba sikumtoa kwenye filamu. Mama anauza samaki soko la Deep Sea, nimekulia kwenye magamba na matumbo, na Vumba alitokea huko. Mabawa ni ya popo wa Amboni. Mwendo ni wa kenge wa kwenye mikoko huku kwetu, yule anayetembea huku kiuno kinapiga kushoto na kulia kana kwamba barabara ni yake. Mkia nimeutoa kwa silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini. Lakini mtu akishaona joka jeusi, kichwa bapa, macho makubwa ya kijani na mkia wenye mapezi mawili, hatazami tena. Ameshahukumu, anaondoka.

Nibadilishe nini bila kumuua Vumba? Kuna anayesema nimpake zambarau yaishe, naona hiyo ni kukimbia.

Halafu kuna jingine. Toothless mwenyewe huwa namchora pia, kishabiki, kwa kumpenda. Kaka mmoja wa fulana hapa mjini ameiona michoro hiyo, anataka nimpe aprinti auze, tugawane. Nikubali?

Na hili la mwisho si swali, ni dukuduku. Filamu nimeitazama kwa makini, sehemu za kuruka nimezirudia. Watu wa mle ni watu kweli, jasho, ndevu, matope. Kisha anaingia Toothless, wamempa ngozi ya kweli, unaona magamba madogo na mikwaruzo, lakini kichwa na macho ni vilevile vya filamu ya kwanza, ile ya katuni ya 2010. Mimi nilitaka waende mbali zaidi. Mlioipenda niambieni mlipenda nini.

Picha ya Vumba nimeiweka hapo chini. Natanguliza shukrani.

DerevaWaNoah

Dada, mpake nyekundu, mpe vichwa saba na pembe kumi, hakuna atakayesema Toothless. Watasema Ufunuo sura ya 12, na hapo utajadiliana na mchungaji, mdogo wako utakuwa umemaliza naye.

FundiBrashi (Ngamiani, Tanga)

Marahaba mwanangu.

Mie nimekula chumvi kwenye rangi. Nimeandika mabango ya maduka Ngamiani barabara karibu zote, nimechora simba, tai na majoka nyuma ya malori ya mkonge, mpaka yalipokuja haya mabango ya kuprinti yakatupumzisha kwa nguvu. Kwa hiyo nitakayosema ni ya fundi wa mabango, si ya msomi wa sanaa.

Bango husomwa na mtu aliye juu ya baiskeli, ng'ambo ya barabara, jua linampiga usoni. Haoni macho ya kijani huyo. Anaona umbo. Basi fanya hivi: ongeza leya, yaani tabaka jipya, juu ya Vumba, mjaze weusi mtupu, macho na kila kitu kifutike, halafu mpe mtu amtazame. Nimefanya hivyo kwa picha uliyoweka. Kilichobaki ni paka mwenye mabawa. Na Toothless ndiye paka mwenye mabawa, waliomtengeneza walimtazama chui mweusi. Kwa hiyo watu hawakuonei. Ila kosa si weusi, joka jeusi si la mtu. Wala zambarau haitakusaidia, utapata Toothless wa zambarau.

Sasa huo mkia. Unasema ni wa silikanti. Silikanti yupi? Huyu wetu mkia wake una sehemu tatu: ya juu, ya chini, na katikati kuna kijimkia kidogo kinachochomoza nyuma peke yake. Wewe umechukua mbili ukaacha ya tatu, na ya tatu ndiyo yake! Samaki yule ni wa buluu iliyoiva, ana mabaka meupe mwili mzima, na mabaka hayo ndiyo yanayomficha kwenye kuta za mapango anamolala mchana. Mapezi yake yana nyama kwenye shina, yametokeza nje ya mwili, na akiogelea huyapeleka kwa zamu, la kushoto na la kulia, mwendo wa mnyama wa miguu minne. Wataalamu walishamzika pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu alianza kuingia kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa jina lake hapahapa Tanga. Jirani wa namna hiyo unaye, wewe umemwazima pezi moja na nusu.

Na Toten mhamishe. Pale ni bandarini, maji mafupi, meli zinapita. Silikanti anakaa kwenye giza, nje ya miamba, bahari inapoporomoka kwenda chini. Joka lenye haya na mwanga likae huko.

Mabawa. Bawa la popo ni mkono, mwanangu, hebu mtazame vizuri siku ukienda Amboni, na usiwamulike muda mrefu. Kidole gumba kiko huru juu na ukucha wake, hicho ndicho anachojishikia. Vidole vinne vilivyobaki vimerefuka, utando umetandazwa katikati yao, ukashuka ubavuni mpaka mguuni. Ukimpa Vumba mabawa hayo pamoja na miguu minne, umempa viungo sita. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliyeumbwa na viungo sita. Sikukatazi, joka ni joka, lakini ujue umechagua. George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vya Game of Thrones, majoka yake ni ya miguu miwili kwa hoja hiyohiyo. Na zile filamu za The Hobbit: ile ya kwanza ya 2012, joka Smaug lilionekana kidogo lina miguu ya mbele, ilipokuja ya pili, 2013, miguu ya mbele imeondoka, linatambaa kwa mabawa yake. Joka ni lilelile la kitabu kilekile, na wenye kazi wenyewe waliona mwili ule haujakaa.

Ningekuwa wewe ningeondoa miguu ya mbele. Mnyama anayetembea kwa vifundo vya mabawa, mabega juu, kichwa chini, anakuwa na mwendo wake. Halafu huyo kenge wako ndiyo umpe kiuno chake chote, maana kwenye picha mgongo umenyooka, hakuna kenge pale.

Macho weka mwisho. Ninyi wachoraji wa simu mnaanza na macho, yanakula usiku mzima, mwili unachorwa alfajiri mtu anasinzia. Ukitaka macho yasiyo ya paka panda Amani kwa vinyonga, kila jicho linatazama kwake. Kule Usambara kuna kinyonga wa pembe tatu, mwenye pembe ni dume, jike hana. Kwa hiyo Vumba kukosa pembe una sababu tayari, na siku ukimchora mumewe utajua la kumpa.

KibandaMakorora (Tanga)

Mimi naendesha kibanda cha mpira na filamu, nikujibu hilo la filamu, la kuchora nimwachie mzee.

Niliionyesha ile ya tafsiri, DJ anaongea Kiswahili juu ya picha. Ndani watoto tupu, wamebanana, joto la kufa mtu. Ikafika pale kijana Hiccup anapogeuza uso pembeni, anafumba macho na kunyoosha mkono, Toothless anasita, kisha anaweka pua kwenye kiganja. Pale hakuna anayesema neno, ni muziki tu. DJ wetu akaona kimya ni hasara, akaanza: "Njoo mwanangu, njoo usiogope, mimi si mchawi." Watoto wakamzomea DJ ambaye hata hayupo! Wakanipigia kelele nizime sauti. Nikazima, na muziki ukaenda na maji, lakini walitulia, na wale wa mbele niliwaona wamenyoosha mikono. Kesho yake nikaweka ile isiyotafsiriwa. Nusu ya maneno hawakuelewa na hawakulalamika.

Dada, jibu lako liko hapo. Wakimpa Toothless sura ya mnyama wa kutisha wa kweli, mtoto wa Makorora hanyooshi mkono. Yale macho ya katuni ndiyo kazi yake.

Tena wasingeweza kwenda mbali. Mwongozaji ni Dean DeBlois, aliyeifanya ya 2010 pamoja na Chris Sanders. Baba wa kijana ni Gerard Butler, kwenye katuni alitoa sauti, safari hii kaja na mwili. Watu wale walikuwa wanalinda mali yao, hawakuja kuivunja. Mimi kama mfanyabiashara nawaelewa, kama mtazamaji nilisinzia kidogo katikati, nilikuwa nayajua yanayokuja.

Ila wanaopiga kelele kwamba katuni isiguswe, wakasome kitabu cha Cressida Cowell cha 2003, kilichozaa filamu hizi. Toothless wa humo ni kijoka kidogo, cha kawaida kabisa, kibogoyo kweli, kikaidi, hakisikii. Huyu mkubwa mweusi anayepaa na mtu mgongoni alizaliwa kwenye filamu. Kwa hiyo huyo mnayemtetea naye ni mchoro wa kishabiki, tofauti yake na wa dada ni kwamba ulipata kibali na hela.

MkaziWaDunda (Bagamoyo)

Hapo kwenye kibali ndipo nataka kuingia, maana dada kauliza la fulana na wote mmelipita.

Huku Bagamoyo wachoraji tumejaa, wengine tumepita chuo cha sanaa cha TaSUBa, wengine wamejifunzia kwenye vibaraza vya Mji Mkongwe. Kila mmoja kaanza kwa kumwigiza mwingine. Nenda kwenye maduka ya picha uone twiga na ndege wa Tingatinga wanavyojirudia. Kwa hiyo kumchora Toothless kwa mapenzi, ukatupia, ukasifiwa, ukajifunza mkono unakwenda vipi, usione haya. Mimi mwenyewe nikishikwa na uvivu nachora wahusika wa watu ili mkono usilale.

Kuuza ni habari nyingine. Toothless ana wenyewe. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na kuzalisha kazi ya mtu au kuigeuza kuwa kazi nyingine kwa biashara ni haki ya mwenyewe, si yako wala ya kaka wa fulana. Utaniambia "mbona Kariakoo zimejaa". Zimejaa, ndiyo. Lakini hapo anayeweka jina kwenye mchoro ni wewe, kaka wa fulana atasema aliletewa.

Vumba sasa ni wako. Haki inaanza pale unapomchora, husubiri muhuri. Ukimpeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kumsajili unajipatia ushahidi siku mtu akimchukua. Hifadhi na michoro ya mwanzo, ile mibaya, pamoja na faili zenye leya, usibaki na picha ya mwisho peke yake. Mpe huyo kaka Vumba. Na kabla hujampa, mwandikiane, hata karatasi moja: anaprinti ngapi, unapata nini kwa kila moja, na mchoro unabaki wa nani. "Tutagawana" si mkataba.

Halafu Mzee FundiBrashi kamaliza mwili, mimi niguse tabia. Majoka ya Ulaya kazi yao kulalia dhahabu. Sisi tuna joka la mdimu, linalinda ndimu lisizozila, wanachuma wengine. Vumba analinda nini? Ukinijibu hilo, umbo lake utalichora tofauti bila kuambiwa. Mimi ningemfanya mlinzi wa hao silikanti. Wavuvi wa Tanga wanamnasa silikanti kwenye jarife zinazotegwa chini kabisa kwa ajili ya papa, basi Vumba anachana jarife usiku, wavuvi wanaamka nyavu matambara, wanamlaani, na yeye yuko kazini.

BintiSahare

Jamani asanteni, sikutegemea. Mzee Brashi shikamoo tena. Ule mtihani wa weusi nimeufanya kwa michoro yangu yote, sio Vumba tu, na kwenye kundi letu nimewafanyia na wenzangu. Kuna watu hawanisemeshi.

Mkia wa sehemu tatu nimechukua, na mabaka pia. Weusi nimeuacha mgongoni, ubavuni unageuka buluu, mabaka yanaanzia pale. Kumuhamisha Toten kumeniuma, ila nimekubali.

Mabawa tutabishana, Mzee. Popo hazamii. Nilipokuwa namchora na utando wa popo ndani ya maji nilikuwa nahangaika niukunje wapi, unapepea nyuma kila upande. Juzi nilikuwa na mama sokoni, likaletwa taa kubwa, yule samaki bapa mwenye mabawa, mchuuzi akawa analikata bawa vipande. Nilisogea mpaka akaniuliza kama nanunua. Ndani ya lile bawa hakuna vidole vitano. Kuna gegedu nyembamba nyingi, zimelala sambamba kama njiti za ufagio wa chelewa, zinaanza mwilini zinaelekea ukingoni, kisu kikipita kinasema krr, krr. Ukingo wenyewe ni laini, hauna mfupa. Nililishika kwa mkono: katikati gumu, ukienda nje linalegea. Na bawa linaanza kichwani kabisa, linakwenda mpaka kwenye nyonga, hakuna bega wala kifundo.

Kwa hiyo Vumba ana mabawa ya taa. Miguu ya mbele nimeitoa kama ulivyosema. Ya nyuma imebaki, mifupi, yenye nyama, ile ya silikanti. Hapai angani tena, na hilo ndilo limenipa raha kuliko yote. Anatoka chini kwa kasi, anaruka nje ya maji kama taa wakubwa wanavyoruka, anapita juu ya ngalawa, anakwapua nguru, anaangukia upande wa pili. Sekunde chache tu. Wavuvi wanaona tumbo jeupe, tanga linalowa, samaki hayupo. Kichwa sasa kimekuwa kipana kimeungana na mabawa, macho yamehamia pembeni juu, madogo. Nimemjaza weusi nikampelekea mdogo wangu bila kumwambia ni nani. Kasema "mwewe kagongwa na gari". Nimelipokea.

Kaka wa Dunda, joka la mdimu nimelipenda, lakini sitaki Vumba awe mlinzi wa mazingira, atakuwa bango la hifadhi, watoto watakimbia. Nimefanya hivi: anachana jarife kwa sababu kuna samaki anaowataka mle ndani. Silikanti wanatoka kwenye tundu alilochana, yeye hata hawaangalii, hawali, nyama yao ina mafuta inamkera. Wao ndio wanaomfuata nyuma, wanamwona mkombozi. Yeye anawafukuza. Hiyo itakuwa kurasa nne za katuni, nimeshaanza vyumba vya picha vya ukurasa wa kwanza.

Fulana za Toothless nimemkatalia. Kaka kanuna. Nikamwonyesha Vumba mpya, kasema "huyu hauziki, hana sura". Tutaona.

La filamu bado nasimama nilipo. KibandaMakorora, hoja ya watoto kunyoosha mikono imenigusa, ila wangeweza kumpa macho ya mnyama wa kweli na mikono ikanyooshwa vilevile. Mama anapenda paka wake mwenye jicho moja, na paka yule anatisha.

KibandaMakorora

Jicho moja sawa, lakini paka huyo hajaombwa arudishe mamilioni ya dola. Kurasa zikikamilika nibandikie moja ukutani kibandani, sitatoza.

FundiBrashi

Marahaba nyingine.

Taa nimekubali bila ubishi. Mie bahari naila tu, sikuwa nimepasua bawa lake. Nina mawili, nenda nayo.

La kwanza, uzito. Mnyama asiye na bega anayeruka nje ya maji, nguvu inatoka wapi? Kwa taa inatoka kwenye mabawa yanayopiga chini kwa pamoja, na mwili wote unajikunja. Kwa hiyo kwenye ile picha ya kuruka usimchore ametandaza bawa bapa juu ya ngalawa, hapo anakuwa mkeka. Mchore wakati ncha za mabawa zimeelekea chini, zimejikunja, maji bado yanamwagika kwenye ukingo laini ule uliosema. Katikati gumu, nje panalegea: mkono wako ulishaligundua hilo pale sokoni, sasa likae kwenye mstari. Mstari wa karibu na mwili uukaze, wa ukingoni uutetemeshe.

La pili, matamvua. Taa ana matundu chini, tumboni, matano kila upande, na mdomo huko huko chini. Ukimwachia Vumba mdomo mbele kama kenge ni sawa, unahitaji wa kukwapua nguru. Ila matundu ya tumboni yaweke, kwa sababu umesema wavuvi wanaona tumbo tu. Hicho ndicho watakachokuwa wanasimuliana ufukweni, na msomaji naye aanze kumjua kwa tumbo, sura aje kuiona ukurasa wa tatu au wa nne.

Vyumba vya ukurasa usivifanye vyote saizi moja. Cha kuruka kipe nusu ukurasa, vya wavuvi wakibishana vibane. Na ngalawa uichore na mirengu yake miwili, maana uliyoweka mwanzo ilikuwa na mmoja, na hapa Tanga utachekwa kwa hilo kabla hawajafika kwenye joka.

Ukinunua kalamu ya simu chukua na ncha za akiba. Hizo huisha haraka kwa anayekandamiza, na mistari yako inaonyesha unakandamiza.